Wanaojitolea Katika Klabu ya Michezo: Kuwapata, Kuwasaidia na Kuwatunza



Mwezi huu nimeombwa kuandika somo juu ya michezo ya vijana wetu. Sitaandika juu ya namna ya kupiga mpira, kwa maana hilo vijana wanalijua kunishinda. Nitaandika juu ya watu ambao hawatazamwi sana uwanjani, lakini pasipo wao hakuna mchezo. Hao ndio wanaojitolea.

Tangu nilipotoka chuo cha ualimu mpaka nilipostaafu, karibu kila shule niliyopangiwa nilipewa pia kazi ya michezo. Nje ya shule nimekuwa katibu wa klabu ya vijana wa mtaani. Nimeona klabu zikizaliwa, na nimeona klabu zikifa. Katika zile zilizokufa, chache zilikufa kwa kukosa mpira wa kuchezea. Nyingi zilikufa kwa kukosa mtu wa kuuleta ule mpira uwanjani.

Somo hili lina sehemu sita, na mwisho kuna maswali ya kujadiliana. Lisomwe kidogo kidogo, ikiwezekana pamoja na vijana wenyewe.

1. TUHESABU WATU

Tuchukue Jumamosi moja. Timu ya watoto wa Njombe inakwenda Makambako kwa mchezo wa kirafiki, mwendo wa kilometa 60 hivi. Msomaji atahesabu wachezaji 11 na wale wa akiba, kisha atadhani amemaliza. Hebu sasa tuwahesabu wengine.

Yuko aliyepiga simu kupatana siku na saa. Yuko aliyepita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa kwa wazazi. Yuko aliyetafuta gari na kupatana na dereva. Yuko aliyefua jezi mapema katikati ya juma, kwa sababu baridi ya Njombe mwezi wa Julai nguo hazikauki upesi. Kule Makambako yuko aliyeamka mapema kupiga chokaa, kufunga nyavu na kuwafukuza mbuzi uwanjani. Yuko mwamuzi, na wako washika vibendera wawili. Yuko mwenye sanduku la huduma ya kwanza. Yuko mama aliyepika uji na viazi vya wageni. Yuko mwenye daftari la fedha. Tena yuko mtu mzima aliyekaa kiti cha nyuma wakati wa kurudi, akahakikisha kwamba kila mtoto amefika mlangoni kwao kabla ya giza.

Hao ni watu 12, nao wamewazidi wachezaji wa timu kwa mtu mmoja. Hakuna hata mmoja wao anayelipwa mshahara.

Sasa nauliza: katika klabu ya mtaani kwako, kazi hizo 12 zinafanywa na watu wangapi? Mara nyingi jibu ni wawili. Tunawasifu sana hao wawili, tunasema ni watu wa ajabu, kumbe tunawaua. Siku mmoja wao akihamishwa kikazi, au akiuguliwa nyumbani, klabu yote inalala.

Wengine watasema, klabu ikilala kuna hasara gani, watoto si watarudi nyumbani? Ndugu msomaji, sote twaishi hapa na twajua wanakokwenda. Saa kumi jioni siku ya Jumapili kijana wa miaka 15 asiye na la kufanya hutafuta walipo wenzake, na msimu wa ulanzi wenzake hawapatikani mahali pazuri. Kadhalika tusisahau kwamba mkoa wetu ndio wenye kiwango kikubwa cha maambukizo ya virusi vya UKIMWI kuliko mikoa yote ya Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kwamba asilimia 12.7 ya watu wazima katika mkoa wa Njombe wanaishi na virusi hivyo. Watoto wengi wamelelewa na bibi zao. Kwa baadhi yao, mwalimu wa timu ndiye mtu mzima anayewauliza kila juma, "Mbona jana hukuja?" Swali hilo lina faida kubwa kuliko magoli.

2. JAMBO HILI SI GENI KWETU

Wako wanaodhani michezo ni mambo ya dunia, na kwamba haiwahusu watu wa parokia. Historia yatuonyesha vingine. Huko Uingereza, klabu ya Fulham ilianza mwaka 1879 kwa vijana wa shule ya Jumapili ya kanisa la Mtakatifu Andrea, mjini London. Klabu ya Southampton ilianza mwaka 1885 kwa chama cha vijana cha kanisa la Mtakatifu Maria. Yote mawili ni makanisa ya Kianglikana. Nasi huku, UMCA iliyoleta Kanisa letu pande za Ziwa Nyasa ndiyo iliyokuwa na shule ya Kiungani kule Unguja, na vijana wa Kiungani walikuwa wakicheza mpira kabla ya karne ya 19 kwisha. Kwa hiyo padre anayefika uwanjani Jumamosi hafanyi jambo jipya.

Tuje karibu zaidi. Msimu wa 2017/2018 timu ya Njombe Mji ilicheza Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Simba na Yanga zilikuja kucheza hapa Njombe, katika uwanja wa Sabasaba. Msimu ulipokwisha timu ilishuka daraja, pamoja na jirani zetu Majimaji wa Songea. Tulisikitika. Lakini Jumamosi iliyofuata watoto wa mitaani walikuwa bado wanataka kucheza. Ligi hupanda na kushuka, na hayo hayako mikononi mwetu sana. Kilicho mikononi mwetu ni kuwa na mtu wa kupuliza filimbi Jumamosi hii, na Jumamosi ijayo, na ile ya baadaye.

3. KUWAPATA

Kosa la kwanza tunalofanya ni kutangaza. Tunasimama mbele ya watu na kusema, "Klabu inahitaji watu wa kujitolea, mwenye moyo aje." Kila mtu husikia, na kila mtu hudhani anaambiwa jirani yake. Miaka ya nyuma nilitangaza hivyo mara nyingi, na waliokuja ni wale wale waliokuwa wakija siku zote.

Njia iliyo bora ni kumwendea mtu mmoja, nyumbani kwake au dukani kwake, na kumwomba kazi moja. Hapo hatuna budi kumweleza mambo matatu: kazi yenyewe ni ipi, itachukua saa ngapi, na itakwisha lini. Hebu tulinganishe. Ukimwambia fundi cherehani, "Mama, tunaomba utusaidie klabu," atakuogopa, kwa maana hajui unamtia katika nini. Lakini ukimwambia, "Mama, tunaomba ushone namba za jezi 14, nyuzi na vitambaa tunaleta sisi, tunazihitaji kabla ya tarehe 1 Juni," atakujibu papo hapo ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, na kazi ikaisha vizuri, mwakani hutamtafuta kwa shida.

Jambo la pili, tuchague majira. Huku kwetu mvua huanza Novemba, na kila mtu yuko shambani. Mtu anayeombwa kujitolea wakati wa kupanda mahindi atakataa, na ana haki. Yafaa kazi za klabu zipangwe hasa kati ya Mei na Oktoba, na wakati wa mvua tuwe na mazoezi machache tu. Kadhalika mfanyabiashara wa Makambako ana siku zake za kupokea mzigo, na mfanyakazi wa reli ana zamu zake. Tuwaulize kwanza, ndipo tupange ratiba.

Jambo la tatu, tupanue macho. Tumezoea kuwatafuta vijana wa kiume waliowahi kucheza. Je, na wengine? Mama wa mchezaji anaweza kuwa mtunza fedha mzuri kushinda sisi sote, kwa maana amezoea kutunza hela ya kikundi chake cha akiba. Mstaafu ana wakati. Msichana wa kidato cha tatu anayejua netiboli anaweza kuwafundisha wadogo zake. Mlemavu asiyeweza kukimbia anaweza kuwa katibu au mwamuzi wa meza. Hata mtu asiyependa mpira anaweza kupenda watoto, na hiyo yatosha.

Mfano mzuri uko Nairobi. Mwaka 1987, katika mtaa wa Mathare wenye vibanda vingi na takataka nyingi, ulianzishwa umoja wa michezo wa vijana uitwao Mathare Youth Sports Association. Aliyeuanzisha ni Bob Munro, mtu wa Kanada. Lakini kazi ya ligi iliwekwa mikononi mwa vijana wenyewe: wao ndio makocha, waamuzi na viongozi wa kanda. Tena timu ilipata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, kama inavyopata kwa kushinda mchezo. Kijana aliyejitolea kufundisha au kuamua alijikusanyia alama, na wenye alama nyingi walilipiwa karo, fedha zikipelekwa moja kwa moja shuleni. Kutokana na umoja huo ilitoka timu ya Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Kenya. Mtaa ule haukuwa na fedha kutushinda. Uliwafundisha watoto mapema kwamba anayecheza leo ndiye atakayehudumu kesho.

Nasi twaweza kufanya kwa kadiri yetu. Kila mchezaji aliyefika miaka 16 apewe kazi moja ya kuwatumikia wadogo: kushika kibendera, kupiga chokaa, au kuandika majina. Anayejifunza kutumika akiwa bado anacheza hataona ajabu kutumika baada ya kuacha kucheza.

4. KUWAJUA KABLA YA KUWAKABIDHI WATOTO

Sehemu hii ni nzito, lakini siwezi kuiruka. Mwanzoni mwa mwaka 2019 Njombe ilipatwa na msiba mkubwa wa watoto kutekwa na kuuawa. Wazazi waliokuwa wakiwaacha watoto wao kwenda popote walianza kuwasindikiza mpaka shuleni. Tangu hapo mzazi akiuliza, "Huyu anayeondoka na mtoto wangu ni nani?" hatumtukani. Anauliza neno la haki.

Kwa hiyo, si kila anayejitolea apokewe siku hiyo hiyo. Tukiwa na haraka ya kupata mtu, huenda tukampata mtu tusiyemjua. Napendekeza kanuni nne, na hakuna hata moja inayohitaji fedha.

Kwanza, kila mgeni aletwe na watu wawili wanaomfahamu, na klabu iwaulize watu wa mahali alipokaa kabla. Pili, kwa miezi mitatu ya kwanza afanye kazi pamoja na mwenzake wa zamani, asipewe watoto peke yake. Tatu, mtu mzima mmoja asisafiri na mtoto mmoja, wala asimwite chumbani. Safari iwe ya watu wazima wawili au zaidi, na timu ya wasichana iwe na mwanamke. Nne, watoto waambiwe wazi ni nani wa kumwendea wakiona jambo baya, na atakayesikia asilifiche kwa kuogopa aibu ya klabu, bali alipeleke kwa viongozi wa mtaa na polisi.

Mtu mwema hatachukia kanuni hizi. Zinamlinda naye pia asisingiziwe. Anayekasirika kwa kuulizwa ametusaidia kumfahamu.

Pamoja na hayo, klabu yenyewe ijulikane. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na klabu zetu zinatakiwa kusajiliwa. Hatua ya kwanza ni kumwona afisa michezo wa halmashauri. Klabu yenye katiba na viongozi wanaojulikana huwapa wazazi imani, na humpa anayejitolea mahali pa kusimama.

5. KUWASAIDIA

Twasema mtu amejitolea, kisha twadhani ametoa kila kitu. La! Ametoa wakati wake na nguvu zake. Hakusema atatoa na nauli, na chokaa, na muda wa maongezi wa simu, na sabuni ya jezi. Hapa ndipo tunapowachosha watu maskini na kubaki na wenye uwezo peke yao.

Tutofautishe posho na marejesho. Posho ni malipo ya kazi. Klabu ndogo haiwezi kuyatoa, na ikianza kumpa mmoja wengine watauliza yao. Marejesho ni kumrudishia mtu alichotumia kwa ajili ya klabu. Hayo si malipo, ni haki. Mtu akitumia nauli ya Makambako kwa kazi ya klabu, arudishiwe juma hilo hilo, naye atie sahihi katika daftari. Kama klabu haina hela ya kurudisha, basi safari hiyo isipangwe.

Daftari lenyewe liwe na kurasa za mapato na matumizi, kila hela iandikwe siku iliyoingia na siku iliyotoka, na stakabadhi zitunzwe katika bahasha. Michango inayotumwa kwa simu isiingie katika simu ya mtu mmoja bila mwingine kujua. Mara moja kila mwezi hesabu isomwe mbele ya wazazi na wachezaji. Nimeona watunza fedha waaminifu wakikimbia kazi kwa sababu ya minong'ono tu. Hakuna aliyewaibia watoto, ila hakuna aliyesoma hesabu hadharani, na penye giza watu huona nyoka. Kusoma hesabu kunawalinda watoto, na kunamlinda mtunza fedha vile vile.

Msaada mwingine ni mafunzo. Tusimkabidhi mtu filimbi na kumwacha azomewe. Mwamuzi mpya akae kwanza na mwamuzi mzoefu michezo mitatu. Mwenye sanduku la huduma ya kwanza afundishwe na muuguzi jinsi ya kumhudumia mtoto aliyezimia au kuvunjika mkono. Wauguzi na waganga wako kati yetu, na saa mbili za jioni zatosha kwa kuanzia. Aidha, viongozi wawakanye watazamaji. Mtu mzima anayemtukana mwamuzi wa miaka 18 anafukuza mwamuzi wa miaka 20 ijayo.

Mwisho wa sehemu hii, tugawanye kazi. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Yethro, alivyomwona mkwewe Musa akiwaamua watu peke yake tangu asubuhi mpaka jioni, akamshauri achague wasaidizi. Wanakumbuka pia ukuta wa Yerusalemu siku za Nehemia, wengi wakijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Shauri hilo linafaa kwa kila kazi ya watu wengi. Kule Uingereza mwaka 2004 zilianza mbio za Jumamosi asubuhi ziitwazo parkrun, katika bustani moja ya London. Siku ya kwanza walikimbia watu 13 tu, na sasa hukimbiwa katika nchi nyingi. Kila juma kazi za kupima muda na kuonyesha njia hufanywa na watu wanaopokezana: leo unakimbia, juma lijalo unashika saa. Hakuna anayefungwa maisha. Nasi tubandike karatasi ukutani yenye kazi na majina ya miezi miwili mbele, kila kazi na mtu wake, na kila mtu na msaidizi wake.

6. KUWATUNZA

Sasa nataka kuwaeleza kosa langu mwenyewe, kwa sababu naona linafundisha kuliko kanuni nilizoandika.

Katika klabu niliyokuwa katibu wake alikuwapo kijana fundi seremala. Kwa miaka mitatu alitunza mipira na jezi. Kila siku ya mchezo tulimkuta uwanjani ameshapiga chokaa. Mipira ilikuwa imejazwa upepo, jezi zimekunjwa, namba zimepangwa. Tulizoea. Sikumbuki kama niliwahi kumshukuru mbele ya watu. Nilikuwa nawashukuru wageni rasmi waliokuja kukabidhi kombe.

Jumamosi moja hakuja. Tukanung'unika. Jumamosi ya pili hakuja tena, na katika kikao tukasema vijana wa siku hizi hawana moyo. Jumamosi ya tatu nilimtuma mtoto nyumbani kwake kufuata mipira. Sikumtuma kumsalimu wala kuuliza ana nini. Nilimtuma kufuata mipira.

Mtoto alirudi na mipira yote, imefutwa vumbi, imo ndani ya wavu wake, pamoja na jezi zilizohesabiwa. Juu yake paliwekwa daftari dogo la shule. Nikalifungua usiku. Ndani yake aliandika tarehe na mifuko ya chokaa aliyonunua, nyuzi za kushonea mipira, sindano za pampu. Yote alinunua kwa hela yake, miaka mitatu, na hakuwahi kutudai hata senti.

Nilikwenda kwake baadaye, nikiwa nimechelewa. Nikakuta kumbe mtoto wake alikuwa amelazwa hospitali siku zile zote, naye na mkewe walikuwa wakipokezana kulala huko. Nikamwomba radhi. Hakuwa na hasira. Aliniamkia, akanipa kiti, akasema, "Mwalimu, ulipomtuma mtoto kufuata mipira, nikajua mmeshapata mtu mwingine."

Hatukuwa tumempata mtu mwingine. Tulihitaji watu watatu kufanya kazi aliyoifanya peke yake, na mmoja wa hao watatu aliacha baada ya mwezi. Timu ya watoto wadogo haikumaliza msimu ule. Nilikutana na wawili wao jioni moja, wameketi nje ya kilabu cha ulanzi. Walinisalimu kwa adabu, "Shikamoo mwalimu," nami nikajibu nikitazama chini.

Basi haya ndiyo niliyojifunza.

Mtu asipoonekana, kwanza aulizwe hali yake, kazi baadaye. Anayekwenda kumwona awe mtu mzima, aende mwenyewe, tena asiende kudai kitu. Klabu iwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu: kujua nani anauguliwa, nani amefiwa, nani amepata mtoto. Mtu huyo twaweza kumwita mlezi wa wahudumu. Ninaamini tungekuwa naye, seremala yule angekuwa nasi mpaka leo.

Shukrani itolewe kwa jina na kwa kazi. Kusema "tunawashukuru wote" ni kutomshukuru mtu. Tuseme, "Huyu ndiye aliyepiga chokaa mwaka mzima," watoto wamwone na wampigie makofi. Barua ya shukrani yenye muhuri wa klabu haina gharama kubwa, nayo humfaa kijana anapoomba kazi au nafasi ya masomo.

Anayejitolea asikilizwe pia. Yeye ndiye anayejua kwamba nyavu zimeoza, na kwamba saa tisa jua ni kali kwa watoto wadogo. Akiona maamuzi yote yanafanywa na watu wasiofika uwanjani, ataona yeye ni mtumwa wa klabu, hali tulimwita mwenzetu.

Mwisho, tumruhusu kuondoka. Kila mwisho wa msimu kila mtu aulizwe, "Utaendelea, utabadili kazi, au utapumzika?" Majibu yote matatu ni mazuri. Anayepumzika kwa heshima hurudi, au humleta mdogo wake. Anayeng'ang'anizwa mpaka achoke huondoka bila kuaga, na huko aendako hatawaambia watu habari njema zetu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Andikeni kazi zote zinazofanyika siku moja ya mchezo katika klabu ya mtaani kwenu. Mbele ya kila kazi andikeni jina la anayeifanya. Jina gani limejirudia zaidi ya mara mbili?

2. Je, kuna mtu aliyekuwa akijitolea miaka iliyopita na sasa haonekani? Ni nani kati yenu aliyekwenda kumwuliza hali?

3. Hesabu za klabu zilisomwa lini mara ya mwisho mbele ya wazazi?

4. Mgeni akija kesho na kusema anataka kuwafundisha watoto wenu mpira, mtamwuliza nini, na mtawauliza akina nani juu yake?

5. Taja mtu mmoja unayeweza kumwendea juma hili, na kazi moja utakayomwomba. Eleza ni ya saa ngapi na itakwisha lini.

Swali la pili ndilo ninalowasihi msiliache. Kama jina la mtu limewajia mlipokuwa mkisoma, msingoje kikao. Mwendeeni jioni ya leo, mikono mitupu, mkapige hodi na kukaa naye kidogo. Habari za mipira zitakuja zenyewe, au zisije. Vyovyote iwavyo, atajua kwamba hamkuwa mmempata mtu mwingine.

Ni mimi, mwalimu wenu mstaafu.